Friji ya Moto Inayogandisha kwa Fundi na Kugoma kwa Mwenyewe

Saa moja asubuhi, Munyiva Nzuki amelala kifudifudi kwenye sakafu ya karakana yake, shavu moja juu ya saruji, jicho moja likichungulia chini ya friji. Ananusa. Anageuza shavu, ananusa upande wa pili.

"Hainuki," anasema, kwa sauti ya mtu ambaye angefurahi zaidi kama ingenuka.

Friji hii si kama zile za dukani. Haina mota, hainung'uniki, haidai stima. Imetolewa kwenye gari la kupigia kambi, yale magari ambayo watalii hupika ndani na kulala ndani wakiwa mbugani, nayo hupoza kwa moto wa gesi. Ndiyo, moto. Chini unawaka moto mdogo kama wa mshumaa, juu kunafanyika barafu. Ukimwambia mtu wa Machakos maneno hayo atakutazama usoni, kisha ataikagua mifuko yake.

Hatua moja kutoka hapo, juu ya stuli, ameketi mwenye friji, Wagaki Muringo. Amekuja na thamosi ya chai, mwavuli, na chupa ya maji aliyoyateka kwake nyumbani na kuifunga uzi mwekundu shingoni. Hajaja kusalimia watu. Amekuja kulinda.

"Mara ya kwanza huyu alinionyesha barafu," Wagaki anasema, bila kupunguza sauti, ijapokuwa anayesemwa yuko miguuni pake. "Nilijuaje imetoka kwa hii friji? Bucha iko hapo ng'ambo. Barafu ni kitu ya kununua."

Munyiva anamjibu kutoka sakafuni. "Bucha ile haina barafu, Mama Kuku. Ingekuwa nayo, nyama yao isingekuwa na rangi hiyo."

Sokoni wote humwita Wagaki hivyo, Mama Kuku, kwa sababu ya biashara yake. Ni mwenyeji wa Murang'a aliyehamia mji huu miaka mingi iliyopita, na huwauzia wafugaji vifaranga na chanjo. Gari lile la kambi alilinunua likiwa limechoka safari za watalii. Aling'oa kitanda akaweka vizimba vya vifaranga. Friji hakuing'oa, maana chanjo ya kuku ikishikwa na joto hugeuka kuwa maji tu, na maji hayazuii kideri, ule ugonjwa unaofagia banda zima.

Na hapo ndipo lilipoanzia balaa. Mwezi uliopita wafugaji wa Muthetheni walichanja kuku wao kwa dawa ya Wagaki, na kuku wakafa. Wagaki alisema friji ndiyo iliyoharibu dawa. Munyiva aliitoa, akaisafisha, ikagandisha, akairudisha. Baada ya siku chache ikawa vuguvugu tena. Akaitoa, ikagandisha, akairudisha. Vuguvugu.

Sasa imetolewa kwa mara ya tatu, na Wagaki ametoa neno lake la mwisho. Kufikia Jumamosi, friji ipoze ikiwa ndani ya gari, la sivyo ataandikisha polisi kwamba Munyiva aliifungua, akaiba matumbo yake mazima, akaitia mabovu.

Neno hilo halikungoja Jumamosi. Wagaki ana kipaza sauti cha kutangazia vifaranga, na tayari amekitumia sokoni Muthetheni. "Aliniweka kwenye spika," Munyiva anasema, akijipangusa vumbi. "Katikati ya kuku wa mayai na kuku wa nyama, nikatajwa mimi."

Mwanamume mmoja mwenye kampuni ya safari alikuwa ameahidi kumletea friji tatu za aina hii. Tangu tangazo lile, simu yake huita, huita, kisha hunyamaza. Munyiva, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, hajui kazi nyingine. Siku njema hurudi nyumbani na shilingi elfu mbili. Siku mbaya hurudi na harufu ya gesi.

Kazi yenyewe aliipata kwa mlango wa nyuma. Alikuwa mfagiaji katika zahanati moja upande wa Mwala, wakati ambapo stima ilikuwa haijafika huko, na chanjo za watoto zilikaa kwenye friji ya moto. Muuguzi alichoka kuinamia moto ule kila asubuhi, akamwachia yeye. Friji ikizimika, chanjo huharibika. Chanjo zikiharibika, anayelaumiwa ni mfagiaji. Munyiva akajifunza kuishuku friji hiyo kama mtu anavyomshuku mume anayerudi nyumbani akipiga mluzi.

"Hizi vitu hazipigi kelele zikiharibika," anaeleza. "Friji ya stima ikikufa utasikia. Hii inakunyamazia tu. Unakuja kushtuka maziwa yakichachuka."

Ndiyo maana hapimi kwa haraka. Kwanza hunusa, kwa sababu dawa iliyo ndani ya mabomba ni amonia, na ikivuja hunuka kama zizi la kondoo wakati wa mvua. Halafu huchukua sufuria ya povu la sabuni na kupaka kila kiungo cha bomba la gesi. Povu likitoa malengelenge, kuna mvujo. Halafu huweka pima maji juu ya friji, kile kijiti cha waashi chenye tone la hewa ndani ya kioo, kuhakikisha imekaa sawasawa. Mwisho huwasha moto na kuutazama rangi. Ukiwa wa buluu anauvumilia. Ukiwa wa manjano anauzima.

Leo ni wa buluu. Anautazama kwa muda mrefu hata hivyo.

"Unaongea nao?" Wagaki anauliza.

"Naungoja useme uongo."

Wagaki anaitia ndani chupa yake yenye uzi mwekundu, anafunga mlango, kisha anatoa selotepu mkobani na kuubandika mlango juu hadi chini. Juu ya selotepu anatia sahihi. Munyiva anaomba kalamu, naye anatia yake. Hakuna anayemwachia mwenzake nafasi.

Kabla ya chai ya saa nne anaingia Zubair, muuza gesi wa mtaa huo, akiwa na mizani begani na mtungi mpya mkononi. Hajaitwa. Habari zimemfikia zenyewe.

"Dada Munyiva, nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Kwamba eti mtungi wangu una hewa."

"Mimi sikusema hewa. Nilisema uzito."

"Wallahi tutaupima huu wa shehena ile ile hapa hapa, mbele ya huyu mama." Zubair anatua mizani kwa kishindo na kuuinua mtungi aliokuja nao.

"Ngoja," Munyiva anasema. Anaingia ndani, anarudi na pakiti ya unga wa kilo mbili ambayo haijafunguliwa. "Weka hii kwanza."

"Sasa unashuku mizani?"

"Nashuku mguu wako. Usogeze."

Zubair anarudi nyuma kama aliyeombwa kutoka msikitini. Unga unasoma kilo mbili kamili. Mtungi unasoma uzito ulioandikwa juu yake, na nukta kidogo ya ziada. Wagaki anainama kusoma kwa macho yake mwenyewe, kisha anaonekana kama mtu aliyepungukiwa na mshukiwa.

"Haya," Zubair anasema, "nani ataniomba msamaha?"

"Kunywa chai," Munyiva anamwambia, na hiyo, kwa wanaomjua, ndiyo samahani yake yote.

Mchana unakwenda polepole. Wagaki hataki kuondoka hata kwenda kula; ananunua mahindi ya kuchoma langoni na kuyatafuna akiwa ameukazia macho mlango wa friji. Mara mbili anataka kubandua selotepu achungulie, na mara mbili Munyiva anamkatalia.

"Kila ukifungua unailisha joto. Ndivyo unavyofanya kwako?"

"Kwangu friji haifunguliwi ovyo."

"Hata kupoza bia?"

"Mimi sinywi pombe, Mama Mwikali!" Wagaki anamwita kwa jina la binti yake, ishara kwamba amekasirika lakini bado ana adabu.

"Sawa. Nilishuku tu."

Saa kumi jioni wanabandua selotepu pamoja, kila mmoja upande wenye sahihi yake. Wagaki anaitoa chupa. Uzi mwekundu upo. Anaitikisa. Hakisikiki kitu. Anaigonga kwenye ukingo wa stuli, inalia kama jiwe. Maji aliyoyateka mwenyewe, akayabeba mwenyewe, akayalinda mwenyewe, yameganda.

Wagaki anaiweka chupa juu ya stuli. "Basi irudishe kwa gari."

"Sirudishi."

"Si imepona?"

"Ndiyo sababu sirudishi," Munyiva anasema. "Mgonjwa akipona kila akija hospitali, na kuugua kila akirudi nyumbani, mimi sitampa dawa ingine. Nataka kuiona hiyo nyumba. Ita gari."

Gari linaletwa na Mwangangi, dereva wa Wagaki, mwanamume mtaratibu wa makamo ambaye hutumia maneno kama anayatoa kwenye akiba. Haliingii uwanjani. Linasimama nje ya lango, mahali barabara inapoteremka, pua ikiangalia chini, na Mwangangi anashuka upesi kuweka jiwe mbele ya gurudumu.

Munyiva anapanda ndani akiwa na sufuria yake ya povu, akinuia kupima viungo vya gesi vya gari. Vifaranga vinalia vizimbani. Anaitua sufuria mahali friji inapokaa, apate kuinua pindo la gauni. Akiangalia tena, maji yamekwenda yote upande mmoja, hadi ukingoni, na povu linadondoka sakafuni tone moja moja.

Anaitazama sufuria hiyo kama alivyoutazama moto asubuhi.

"Mwangangi."

"Mwaitu," dereva anaitika, kama mtu anavyomwitikia mamake.

"Kwa nini hukuingia ndani? Uwanja unatosha lori."

Mwangangi anamtazama Wagaki. Wagaki anautazama mwavuli wake.

"Hapa ni pazuri," Mwangangi anasema.

"Pazuri kwa nani? Na usiku gari inalala wapi?"

"Kwa mama, kule juu mlimani."

"Inalala imesimama sawa?"

"Inalala tu hivi."

"Na hili jiwe umeliokota hapa?"

"Hapana, mwaitu. Hili ni la gari. Tunatembea nalo."

Munyiva anashuka. Anazunguka gari, anarudi alipoanzia. Swali linalofuata analiuliza kwa upole, na upole wake unamfanya Zubair, ambaye amerudi kwa chai ya jioni, aache kunywa.

"Stata ilikufa lini?"

Kifaranga kimoja kinalia. Mwishowe Mwangangi anasema, "Ile siku ya mvua kubwa. Kabla ya mambo ya kuku."

Stata ndiyo huamsha injini; tangu siku hiyo, gari limekuwa likiwashwa kwa kuteremshwa: jiwe linatolewa, gari linabingirika, gia inaingizwa, injini inashika. Kwa hiyo ni lazima lilale mteremkoni kila usiku, na lisimame mteremkoni kila mahali. Mji huu uliokaa miguuni pa milima una madereva wengi wanaofanya hivyo, na hakuna anayeliona kuwa jambo la kusimulia. Nani ameenda kwa fundi wa friji akaanza kulalamikia stata?

Lakini Mwangangi alitaka kulisema. Alizuiwa.

"Mimi ndio nilimwambia anyamaze," Wagaki anasema, kidevu juu. "Fundi akisikia uko na shida mbili, anaongeza bei ya ile ya kwanza. Nawajua nyinyi."

Munyiva anaketi kwenye kidato cha gari. Anaeleza taratibu, kwa kuwa sasa anajieleza yeye mwenyewe pia. Dawa iliyo ndani ya friji ya moto haisukumwi na mashine. Moto unaichemsha, inapanda juu, inapoa, kisha inateremka yenyewe kwa uzito wake na kurudi kwenye moto. Gari likitembea, kutikisika huku na huku kunaisaidia. Friji ikilala imeinama usiku kucha, dawa inatuama pembeni kama maji ya sufuria ile. Moto unawaka bure, na chanjo zinaamka na joto.

Karakana yake ina sakafu aliyoilipia saruji mwenyewe, sawa kama meza. Kila jaribio alilifanya pale. Mara mbili alipanda gari hili likiwa limeinama nje ya lango, akaifunga friji, akashuka, wala hakuuliza.

"Nilishuku gesi," anasema. "Nikamshuku Zubair. Nikamshuku huyu mama na bia zake. Ardhi nikaiacha."

"Sinywi bia!"

"Nimesikia."

Wagaki hakubali kirahisi. "Kwa hivyo sasa mwizi ni mlima?"

Kwa hiyo kesho yake, Ijumaa, wanaanza upya. Munyiva anaiinua friji upande mmoja kwa matofali mpaka maji ya sufuria yafike ukingoni kama yalivyofika ndani ya gari. Mtungi ni ule ule, moto ni wa buluu ule ule, selotepu ina sahihi mbili zile zile. Anakubali nusu siku tu, kwa kuwa friji ikiendelea kuwaka ikiwa imeinama hivyo inaweza kuziba matumbo isifufuke tena, na hapo maneno ya kwenye spika yatakuwa kweli mbele ya polisi. Leo Munyiva ndiye anayeukodolea macho mlango. Mara tatu Wagaki anamkuta ameushika kwa kiganja, kama anayepima homa ya mtoto.

Mchana wanafungua. Wagaki anaonja maji yake.

"Ni kama chai iliyosahauliwa," anasema.

Ni ushindi, lakini Munyiva hashangilii. Anazima moto haraka, anaondoa matofali, anaiacha friji ipumzike ikiwa wima. Jioni anaiwasha tena sakafuni. Anapogusa ndani kabla ya kufunga karakana na kupata ubaridi kwenye ncha za vidole, anakaa pale pale chini, miguu mbele, na kuomba maji ya kunywa.

Jumamosi Wagaki ananunua stata, baada ya kuwatembelea mafundi watatu na kuwaambia wote watatu kwamba gari halina shida nyingine yoyote. Gari linaingia uwanjani kwa mara ya kwanza. Friji inarudishwa, gari linalala hapo likiwa limenyooka, na Jumapili chupa yenye uzi mwekundu inatoka ikiwa imeganda.

Wagaki anafungua mkoba wa pesa. Munyiva anaufunga kwa kiganja.

"Hiyo baadaye. Ulinitaja kwa spika. Nitaje tena, kwa spika hiyo hiyo, na pale pale."

Na ndivyo, siku ya soko Muthetheni, Munyiva anavyosimama kando ya gari akiwa amevaa gauni la kanisani, huku Wagaki akipuliza kipaza sauti mara mbili zaidi ya inavyohitajika.

"Wafugaji! Friji ilikuwa mzima! Fundi alikuwa mzima! Mama Mwikali si mwizi! Gari ndiyo ilikuwa inalala vibaya!"

"Na nani alikuwa anailaza vibaya?" mzee mmoja aliyefiwa na majogoo anauliza kutoka nyuma.

Wagaki anapunguza sauti ya spika. Halafu, labda kwa sababu Munyiva anamtazama, anaiongeza tena. "Ni mimi," anasema. "Na kila aliyefiwa na kuku aje achukue chanjo mpya bure. Ashike chupa kwanza, ahakikishe ni baridi."

Wanakuja. Wanashika. Baadhi yao wanashika mara mbili, na Munyiva anawaangalia kwa heshima, kama mtu aliyekutana na jamaa zake.

Habari husafiri. Kabla gari halijatoka sokoni, simu ya Munyiva inaita. Ni mwenye kampuni ya safari, anauliza kama alete zile friji tatu.

"Lete na magari," Munyiva anamwambia. "Na madereva waje, lakini wewe ubaki nyumbani. Kuna maswali nataka kuwauliza bila wewe."

Sasa ana mpango. Anataka kuipanua ile sakafu itoke nje ya mlango wa karakana mpaka langoni, magari yalale juu yake usiku mzima na friji zake ndani, kabla ya yeye kupokea hata senti. Mchanga umeshamwagwa pembeni mwa uwanja, na amepata mwashi wa kumwaga saruji, kijana wa kutoka Katelembo anayesifiwa kwa kazi nzuri.

Akiulizwa kama ana imani na kijana huyo, Munyiva anafikiri kwanza.

"Nitalala hapo hapo na pima maji yangu wakati anamwaga," anasema. "Nimemwona. Anacheka sana."